Sikuwaacha, niliwaachia: barua ya wazi kwa magavana wa majimbo ya Marekani

Waheshimiwa Magavana, pamoja nanyi wakuu wa idara za ulinzi wa watoto katika majimbo yote 50,

Shikamooni. Kwetu mtu hamwagi shida zake mlangoni kabla ya salamu, kwa hiyo nauliza kwanza: habari za kazi, habari za nyumbani, watoto hawajambo?

Nawaandikia kwa Kiswahili, tena makusudi. Kiingereza ninacho, na ndicho kinachonilisha. Kazi yangu ni ukalimani: kukaa kati ya ofisa wenu na mzazi asiyejua lugha yenu, nikibeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Ila mara hii nataka ninyi ndio mngojee mtu awatafsirie. Kaeni mkimtazama mdomo. Jiulizeni kama anasema yote, au anaruka, au amechoka na anataka kurudi kwake. Mkikaa hivyo dakika kumi tu, mtakuwa mmekalia kidogo kile kiti ambacho wateja wangu hukalia miezi.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nimekua nikiona malori ya kwenda kambi ya Nyarugusu yakipita Kasulu, na leo wengi ninaowatafsiria ni watu waliokaa kambini humo, au Nakivale ya Uganda, au Kakuma ya Kenya, miaka 15, miaka 20, wakizaa na kuzika huko, kabla ya kuletwa kwenu. Katika mwaka wa fedha wa 2016 pekee waliingia Wakongo zaidi ya 16,000, wakaongoza wakimbizi wote waliopokewa Marekani mwaka ule. Ukienda Louisville, Des Moines, Houston, Phoenix au Columbus utasikia Kiswahili sokoni, kanisani na kwenye kituo cha basi. Na ukikaa na akina mama hao hadi chai ya pili, utasikia jina la idara zenu likitajwa kwa sauti ya chini. Wao huziita CPS zote, herufi za Kiingereza za huduma za ulinzi wa watoto, hata pale ambapo jimbo limezipa jina jingine. Wengine husema tu "wale wanaochukua watoto."

Nimekula kiapo cha siri, kwa hiyo jimbo, ofisi na mahakama sitazitaja, na mambo madogomadogo nimeyabadilisha. Jambo lenyewe sikulibadilisha.

Niliitwa asubuhi moja ya mwezi wa pili, theluji bado iko barabarani. Chumba kidogo kando ya ukumbi wa mahakama, meza moja, viti vinne. Mama wa watoto wanne, bado amevaa jaketi la kazini la ghala anakopakia mizigo. Wakili wake alikuwa amepewa kesi ile asubuhi ileile, akaniambia nimsomee mama faili kwa Kiswahili, upesi, kwa sababu tunaitwa saa tatu na nusu.

Nikaanza kusoma. Jirani alipiga simu. Ofisa alifika saa nne usiku akiwa na polisi. Akakuta watoto wanne, mkubwa wa kike miaka 12, mdogo miaka 2. Mama hayupo, yuko zamu. Magodoro mawili chini, hayana vitanda. Jikoni kuna unga, mchele, mafuta ya mawese, maharage kwenye sufuria, na ndani ya friza, nanukuu nilivyotafsiri, "mifuko ya kitu cha kijani kisichojulikana." Hapo mama aliniinulia macho. Ilikuwa sombe, yaani kisamvu. Alikuwa ameitwanga mwenyewe Jumamosi na kuigandisha, mboga ya wiki mbili.

Mama alirudi saa saba usiku akakuta taa zote zinawaka. Wakampa simu yenye mkalimani upande wa pili. Akaulizwa kama aliwaacha watoto. Jibu lake nililipata baadaye kwake mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha Fizi, mashariki mwa Kongo: "Sikubaacha miye. Nilibaachia dada yabo."

Kwenye faili jibu hilo lilikuwa limekuwa hivi: mama anakana kuwaacha watoto, kisha anakiri kuwaacha na dada yao, maelezo yake yanapingana.

Nilipofika hapo mama akaniuliza, "Kaka, nilijipinga wapi?"

Waheshimiwa, kuacha na kuachia. Herufi moja ya katikati, na kila anayezungumza Kiswahili tangu utoto anajua uzito wake. Kuacha ni kugeuza mgongo. Kuachia ni kukabidhi: naliweka jambo mikononi mwa mtu ninayemjua, ninayemwamini, naye amepokea. Kiingereza kina neno moja la kazi zote mbili, na mkalimani wa simu, sijui ameshika simu ya ngapi usiku ule, alilitumia hilo mara mbili katika sentensi moja. Sentensi ikala mkia wake. Hakutafsiri vibaya kwa ubaya. Alichofanya ndicho ambacho mashine ingefanya, na ndicho mnacholipia kwa dakika.

Nilinyoosha mkono kuomba kufafanua neno hilo, maana kanuni zetu zinaturuhusu kusema pale neno lina maana mbili. Wakili akaniambia tutalirudia. Hatukulirudia.

Watoto walikaa nje miezi mitano, katika nyumba mbili tofauti. Kisha kesi ikafungwa, wakarudi. Mdogo alirudi akiwa anamwita mama yake "Miss," kama watoto wa hapa wanavyomwita mwalimu.

Sasa nataka kusema juu ya neno jingine, ambalo ndilo linalobeba karibu kazi yenu yote. Fomu nyingi zilizotafsiriwa ninazopewa husema mzazi anatuhumiwa kwa "kutelekeza" mtoto. Kwa masikio ya Kiswahili, kutelekeza ni kitendo cha baba aliyekwenda machimboni akaoa huko, asirudi wala kutuma hata shilingi. Mama anayetoka nyumbani usiku, akapanda mabasi mawili kwenda kupakia mizigo ili kodi ilipwe, ukimwuliza kama ametelekeza watoto wake atakwambia hapana, tena kwa hasira. Nawe utaandika kwamba mzazi hataki kukubali kosa. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nikifika kwenye neno hilo nasimama na kusema "kutomtunza mtoto inavyotakiwa," neno refu lisilopendeza, lakini angalau mama anajua anaulizwa nini.

Ila tusilitupie lawama tafsiri peke yake. Hata katika Kiingereza chenu neno hilo ni gunia. Takwimu za serikali kuu za mwaka 2022 zinaonyesha idara za majimbo zilichunguza habari za watoto wapatao milioni 3, zikathibitisha kwamba karibu 559,000 walidhulumiwa au hawakutunzwa. Robo tatu ya hao waliingia kupitia gunia hilo la kutotunzwa. Waliopigwa walikuwa asilimia 17 hivi, waliodhulumiwa kingono asilimia 10 na ushei. Ndani ya gunia yumo mtoto aliyefungiwa chumbani bila chakula, na huyo nataka mumwokoe leo kabla ya jua kuzama. Yumo pia mtoto ambaye nyumba yao imekatwa umeme, na mtoto aliyeachiwa dada. Wote watatu wanapata jina moja, na mara nyingi ofisa mmoja, aliyechoka, mwenye mafaili mengi kuliko masaa.

Historia yenu yenyewe inaeleza kwa nini ilikuwa hivyo. Watu wa ulinzi wa watoto hupenda kuanza na mtoto Mary Ellen Wilson wa New York, mwaka 1874, aliyekuwa akipigwa na mlezi wake, na aliyeokolewa kwa msaada wa Henry Bergh, mwasisi wa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha watoto. Halafu mwaka 1962 daktari C. Henry Kempe wa Denver na wenzake wakaandika juu ya watoto waliofikishwa hospitali na mifupa iliyovunjwa na wazazi wao, na haikupita miaka mingi kila jimbo likawa na sheria ya kulazimisha watu kutoa taarifa. Mwaka 1974 Bunge la Marekani likaweka sheria ya taifa na fedha nyuma yake. Mnaona? Mashine nzima ilijengwa kwa ajili ya mfupa uliovunjika: simu ya siri, ofisa mlangoni, hakimu, mtoto kuondolewa. Ni mashine nzuri kwa mfupa uliovunjika. Kisha mkaipa pia kazi ya umaskini, na yenyewe inajua kufanya jambo moja tu.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba asilimia 37 ya watoto wa Marekani hufikiwa na uchunguzi wa namna hii kabla hawajatimiza miaka 18. Kwa watoto weusi ni asilimia 53. Watu wangu walipotua uwanja wa ndege hawakujua kwamba wameingia katika hesabu hiyo ya pili. Walidhani wao ni wageni tu.

Tena hakuna aliyewaambia umri. Mzazi huniuliza: mtoto wa miaka mingapi anaruhusiwa kubaki na wadogo zake? Namwambia inategemea umekanyaga jimbo gani. Maryland sheria yao inasema mtoto wa chini ya miaka 8 asifungiwe ndani bila mtu wa kuaminika, na mtu huyo awe na miaka 13 au zaidi. Majimbo mengi hayana umri wowote ulioandikwa. Yanamwachia ofisa aamue akifika. (Hapo nimetumia "yanamwachia," muone neno lilivyo na kazi.) Utah mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza kuandika kwamba mtoto mwenye umri na akili ya kutosha kwenda shule kwa miguu, kucheza nje au kubaki nyumbani peke yake, hilo tu halimfanyi mzazi kuwa mkosaji. Texas mwaka 2021 ikabadili maana ya kutotunza, ikataka pawepo hatari ya karibu kwa mtoto. Nazisifu sheria hizo bila aibu. Lakini sijawahi kuiona hata moja imetafsiriwa kwenye ubao wa matangazo wa nyumba za kupanga wanakoishi watu wetu.

Kuhusu kiboko, hapa pana mchezo. Katika semina ya wakimbizi wapya huambiwa: usimpige mtoto, polisi watakuja. Basi. Haelezwi kwamba katika majimbo yote 50 mzazi bado anaruhusiwa kumwadhibu mwanawe kwa kiasi kinachoitwa cha busara, wala haelezwi kwamba yako majimbo, Texas ikiwemo, ambako mwalimu anaruhusiwa kisheria kumchapa mwanafunzi kwa ubao. Anachobaki nacho mzazi ni hofu, na mtoto hubaki na namba: "Nitapiga 911." Nimeingia nyumba ambazo baba hasemi tena neno kwa kijana wa miaka 14 anayerudi usiku wa manane, kwa sababu anaamini kumkemea ni jela. Huyo naye mnaweza kumwandikia kwamba hamsimamii mwanawe.

Na mtoto akimwambia mwalimu, "Mama amesema ataniua"? Kila mtu aliyelelewa na mama wa Kiswahili ameuawa kwa mdomo mara mia kabla ya darasa la saba. "Nitakuua wee!" "Leo utanitambua!" Mama anayasema huku anakuchotea wali. Mimi kazini nalazimika kuyatafsiri yalivyo. Siwezi kuongeza kwamba ni maneno ya jikoni, wala sitaki kuwa na uwezo huo, kwa sababu yuko mama au baba mmoja ambaye kwake si maneno ya jikoni. Anayetakiwa kutofautisha ni mtu mwenye kujua lugha na nyumba zote mbili, aliyeajiriwa na idara kama ofisa kamili, anayeingia mwenyewe, anayeonja ile sombe. Mna maofisa wangapi wanaozungumza Kiswahili? Msinijibu mimi. Wajibuni wazazi wa Louisville.

Nisieleweke kwamba nawatetea wanaotesa watoto. Wapo, nasi tunawaficha. Tunacho kikao chetu cha wazee, mezani kuna soda, na mtu aliyemharibu binti wa jirani anaambiwa aombe msamaha na atoe kitu. Huko nyumbani ilikuwa mbuzi. Hapa ni bahasha. Mama wa mtoto anaambiwa, "Ndugu yetu akishikwa watamrudisha Kongo, wewe utakuwa na amani?" Nilikaa kwenye kikao kama hicho mara moja, kama jirani tu, nikatoka kabla hakijaisha. Katika majimbo kama Kentucky na Texas sheria inamtaka kila mtu anayeshuku atoe taarifa, sio walimu na madaktari peke yao. Sikupiga simu usiku ule. Nilipiga asubuhi yake. Ule usiku mmoja bado unanidai, na binti yule nikikutana naye dukani huwa nasalimia huku natazama chini.

Kwa hiyo nawajua wazee wetu, na nawajua wenu pia. Mwaka 2013 ilibainika Arizona kwamba taarifa zaidi ya 6,500 za watoto kudhulumiwa ziliandikwa herufi mbili, "N.I.," maana yake zisichunguzwe, zikawekwa kando. Gavana Jan Brewer akaivunja idara mwezi Januari 2014, ikaundwa mpya. Na kabla ya hapo, Wisconsin, kulikuwa na mtoto Joshua DeShaney. Maofisa wa kaunti ya Winnebago walikwenda nyumbani kwao mara nyingi, wakaona majeraha, wakayaandika vizuri kwenye faili. Mwezi Machi 1984 baba yake alimpiga hadi akazirai, akiwa na miaka 4, ubongo ukaharibika kwa maisha yake yote. Mama alipoishtaki serikali, Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1989 ikaamua, majaji 6 kwa 3, kwamba Katiba haiilazimishi serikali kumlinda mtoto dhidi ya baba yake mwenyewe. Joshua alifariki mwaka 2015, ana miaka 36.

Mwaka 2022 ilikadiriwa watoto 1,990 walikufa kwa kudhulumiwa au kutotunzwa. Kila saa ambayo ofisa anaitumia kuandika rangi ya mboga za mtu kwenye friza, ni saa ambayo hayupo kwenye mlango wa Joshua mwingine. Hili ndilo ninalotaka mlisikie kuliko yote niliyosema. Mna haraka mahali pasipo na moto, na moto unapowaka mnaandika.

Tazameni na fedha zinavyokwenda. Familia ya kulea hulipwa kila mwezi kwa ajili ya mtoto, na ni haki walipwe. Lakini mama yule alichokosa ni vitanda viwili na mtu mzima wa kukaa na watoto usiku. Sheria ya taifa ya mwaka 2018 iliwaruhusu kutumia fedha za serikali kuu kabla mtoto hajaondolewa, jambo jema, ila ikazielekeza kwenye matibabu ya akili, kuacha ulevi na dawa za kulevya, na mafunzo ya malezi. Kitanda hakimo. Kodi ya nyumba haimo. Hizo mnaweza kuzitoa kwenye bajeti za majimbo yenu wenyewe, na ofisa akapewa mamlaka ya kununua kitanda usiku uleule, kama anavyopewa mamlaka ya kuondoka na mtoto usiku uleule.

Nije kwenye mlango wenyewe. Mkalimani huitwa kesi ikishafika mahakamani, na wakati huo maneno yameshakauka kwenye karatasi. Usiku wa kwanza hutumiwa simu, na simu ikikataa hutumiwa mtoto. Nimesoma faili ambamo msichana wa miaka 10 ndiye aliyemtafsiria mama yake maswali ya kama mama huwa anampiga yeye huyo msichana. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inakataza mtu kubaguliwa kwa asili yake ya taifa katika huduma inayopokea fedha za serikali kuu, na amri ya rais ya mwaka 2000 ilizitaka ofisi zihakikishe asiyejua Kiingereza anaelewa. Amri hiyo ilifutwa Machi 2025, Kiingereza kilipotangazwa kuwa lugha rasmi. Sheria ya 1964 haikufutwa. Nawakumbusha kwa sababu tangu wakati huo nimeanza kusikia maofisa wakisema, "Siku hizi si lazima."

Mzazi aambiwe haki zake mlangoni, kwa lugha yake: kwamba anaweza kuomba kuona amri ya mahakama kabla ya kufungua, isipokuwa kuna dharura, na kwamba anaweza kutafuta wakili. Texas imelazimisha jambo hilo kwa sheria ya mwaka 2023, na mwaka huohuo ikakataa taarifa za watu wasiojitambulisha, maana simu ya siri imekuwa fimbo ya majirani wanaogombania sehemu ya kuegesha gari. Waliotoka kambini hawajui kumkatalia mtu mwenye kitambulisho shingoni. Miaka 20 ya kupanga foleni ya mgao imewafundisha kwamba mwenye kitambulisho ndiye chakula.

Wakili ni jambo jingine. Mahakama Kuu ilisema mwaka 1981, katika kesi iliyotoka North Carolina, kwamba Katiba haimhakikishii kila mzazi maskini wakili hata pale haki zake za uzazi zinapofutwa moja kwa moja. Majimbo mengi hutoa wakili kwa hiari ya sheria zao. Mtoeni mapema basi, asipewe asubuhi ya kesi.

Halafu kuna saa. Sheria ya mwaka 1997 inasema mtoto akikaa chini ya malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22, jimbo lianze kuomba haki za mzazi zifutwe. Mama anapewa orodha: darasa la malezi, mshauri, kuonana na watoto chini ya uangalizi. Darasa ni la Kiingereza. Anaambiwa asubiri lipatikane la Kiswahili. Anasubiri, na saa inakwenda, na hakuna anayeisimamisha. Sheria hiyohiyo inawapa mwanya: kama mtoto yuko kwa ndugu, au kama idara yenyewe haijatoa huduma ilizoahidi, hamlazimiki kufungua kesi hiyo. Utumieni mwanya huo. Uliwekwa utumike.

Nimesema ndugu. Fomu yenu ina kisanduku cha "mjomba au shangazi," na mama mdogo anawekwa humo kama mtu wa mbali. Kwetu mama mdogo ni mama. Mtoto anamwita mama na anachapwa naye kama kawaida (samahani, neno la jikoni). Nimeona mama mdogo akikataliwa kwa sababu vyumba vya kulala havitoshi, na mtoto akapelekwa mji mwingine kwenye chumba chake peke yake, ambako hakulala siku tatu, kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kulala peke yake. Kanuni ya serikali kuu iliyotolewa Septemba 2023 inawaruhusu kuweka masharti mepesi kwa ndugu kuliko kwa familia za kulea za kawaida. Majimbo yaliyokwisha kuanza, hongereni. Watu wa asili wa nchi hii walilipigania jambo hilo kabla yetu: ilibidi watoto wao, kati ya robo na theluthi, waondolewe makwao ndipo ikapatikana sheria ya mwaka 1978 ya kuwaweka kwanza kwa jamaa na kabila lao. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ikaithibitisha. Sisi hatuombi sheria yetu. Tunaomba mama mdogo apigiwe simu kabla ya mtu mgeni.

Mama yule alihamia kazi ya mchana. Mshahara umepungua, vitanda vipo sasa, alipewa na kanisa. Binti wa miaka 12, yule aliyeachiwa, hataki tena kukaa na wadogo zake hata nusu saa. Mama akitaka kwenda kufua chini ya ghorofa, binti anasimama mlangoni na kusema twende wote. Wanakwenda wote watano, na kapu la nguo.

Neno la mwisho ni kwa atakayewasomea barua hii, mkalimani mwenzangu. Najua umepewa dakika chache na wameshaanza kutazama saa. Ukifika pale mama aliposema "nilibaachia," usipite. Waambie neno hilo kwa Kiingereza linahitaji sentensi nzima, na uwaombe muda wa kuisema. Wakikwambia mtalirudia, baki umesimama.

Wenu katika kazi,
Mkalimani wa Kiswahili